Siku Tuliyofunga kwa Ajili ya Sumaili

Sumaili alizaliwa mtaa wa Kasuku, mwana wa fundi cherehani, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na mambo! Akikupita pembeni, unabaki unakumbatia upepo. Mimi Okito, beki wa timu yetu ya vijana, niliukumbatia upepo huo kila jioni ya mazoezi, kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Kocha wetu wa kwanza alikuwa mtu wa chama tawala, mpenda filimbi na makelele. Ramadhani ilipoingia alimtoa Sumaili uwanjani mbele ya watu wote. "Muntu wa kufunga hana miguu," alisema. "Kaa pale kwa benchi, utaingia kisha Idi." Watazamaji wakacheka. Hata leo nikikisikia kicheko kile akilini, hasira inanipanda. Kocha huyo alihamishwa, Mungu ashukuriwe, lakini maneno yake yalibaki. Sumaili akawa anakuja mazoezini kama mtu anayekwenda kulipa kodi.

Mwaka uliofuata tulipata kocha mpya, Onema, karani wa reli. Ramadhani ilikuja tena, na fainali ikapangwa humo humo, dhidi ya vijana wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Sumaili akamwendea.

"Kocha, utafute mwingine. Mjomba ananipeleka kule machimbo ya Kama, kuchimba zahabu. Lori inatoka ile jioni ya mechi. Mpira nimeacha."

"Utacheza kwanza, kisha utaenda," Onema akamjibu. "Mimi nakutaka wewe, pamoja na njaa yako."

Alipoondoka, kocha akatugeukia sisi. "Mwenzenu anaona iko peke yake. Hiyo, mimi siwezi kuitengeneza. Ni ninyi."

Kipa wetu aliitwa Florentin, jina tulilolitamka kwa sauti ndogo kwa sababu serikali ilikwisha kuyakataza majina ya ubatizo. Yeye ndiye aliyeruka: "Siku ya mechi tufunge wote!" Tukapiga kelele za furaha. Tukaapa tusimwambie Sumaili, tumshtukize.

Basi, sisi watoto wa misheni tulijua nini juu ya Ramadhani? Tulikula ugali jioni, tukalala fofofo mpaka kumekucha. Asubuhi, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, tukapelekwa salongo, ile kazi ya lazima, kufyeka majani ya barabara kwa ajili ya taifa. Hakuna aliyegusa hata tone la maji. Tulijiona mashujaa.

Kipindi cha kwanza tulijikaza, tukatoka sare bila goli. Wakati wa mapumziko machungwa yakaletwa, na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mukule! Munaogopa nini?" Sumaili akauliza.

"Leo tunafunga wote," Florentin akasema. "Sababu yako."

Sumaili alitutazama mmoja mmoja. Kisha akauliza polepole, "Daku mulikula saa ngapi?"

Tukatazamana. "Daku njo nini?" nikauliza mimi.

"Chakula cha mbele ya alfajiri! Mulifunga bila kula daku?" Akashika kichwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa zamani sijamwona akicheka uwanjani.

Kipindi cha pili miguu yetu ilikwisha. Mimi nilianguka bila kuguswa na mtu! Lakini Sumaili, aliyekula wali na maharagwe kabla ya alfajiri, alikuwa na nguvu zake zote. Alirudi hadi nyuma kwangu. "Okito, lala tu, nipe mupira!" Onema akawa anakimbia pembeni akiita, "Sumaili! Kwenda, Sumaili!" Akampita wa kwanza, wa pili, kipa akatoka, goli! Uwanja ukalipuka, nami nikashangilia nikiwa chini vile vile. Jamani, raha ile!

Tulishinda kwa goli hilo moja. Magharibi ilipoadhiniwa, mama yake Sumaili, Mama Mwanvua, alituletea uji na ndizi pale pale uwanjani. Mjomba Asumani akafika na mfuko begani. "Twende, lori inangoja."

Sumaili akatutazama tulivyojilaza, Florentin ameshika bakuli kwa mikono miwili, akiapa kwamba kesho tutafunga tena.

"Mjomba, wewe kwenda tu," akasema. "Hawa wajinga wanasema watafunga tena kesho. Nani atawaamusha?"

Mjomba akapanda lori peke yake. Kulipokaribia kupambazuka, nikasikia mlango wetu unagongwa.

"Okito! Amuka, ukule!"