Prosesa Iliyotunyima Maji

Siku ile ninaikumbuka hadi leo kwa sauti ya maji yaliyopita mbele ya shamba la mama yangu bila kuingia. Nitakusimulia, mwanangu, ingawa simulizi yenyewe hainipi heshima yoyote, kwa sababu wiki iliyopita nilisikia maneno yaliyonighadhibisha.

Nilikuwa katika duka la kompyuta pale Kijenge. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kununua kompyuta ya mezani ya kuandalia masomo ya kidato cha nne. Kijana aliyekuwa akisubiri kutengenezewa ya kwake akamdakia: "Mwalimu, usijichome. Kuna prosesa mpya inakuja, hizi zote zitakuwa makopo." Nikamuuliza ameuona wapi huo ubongo mpya wa kompyuta. "Imevuja, mzee. Iko mtandaoni kila mahali." Mwalimu akasitasita, akafunga mkoba wake, akaondoka mikono mitupu. Wanafunzi wake watafanya mtihani mwaka huu, prosesa ije isije.

Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa ya kijana yule peke yake. Katika kinywa chake niliisikia sauti yangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimerudi nyumbani kwenye miteremko ya Meru na cheti cha upimaji ramani, na kiburi kilichokizidi cheti hicho. Kwetu maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu. Kila kaya ina saa yake. Saa ikiisha unaziba banio, mlango wa maji wa shamba lako, maji yanakwenda kwa jirani, uwe umemaliza au hujaanza. Mwaka ule ofisi inayogawa maji ya mto ilitaka kila mfereji uwe na ramani: unapoanzia, unapopita, mashamba unayonywesha. Mfereji ambao ramani yake ingechelewa ungepewa maji yatakayobaki baada ya wengine kugawiwa.

Kamati yetu iliongozwa na Mama Anaeli, mjane ambaye kahawa na migomba yake ilitunzwa kuliko ya mtu yeyote mlimani. Aliniita nichague kompyuta, kisha nichore. Fedha ya kuinunua ilikuwepo. Vipimo nilikwisha kuvichukua kwa miguu, kutoka banio la juu hadi shamba la mwisho. Tulikuwa na miezi sita.

Ndipo nikaanza kufuata tetesi. Kila Jumamosi nilishuka mjini hadi Daraja Mbili, kwenye chumba cha intaneti, nikasoma habari za prosesa itakayotoka: itakuwa na nguvu maradufu, itachora kwa dakika chache kazi ya kutwa nzima. Aliyeandika hakuwa ameigusa. Alimnukuu mwingine ambaye naye hakuwa ameigusa. Nami nikapanda mlimani, nikaiambia kamati: "Nimehakikisha. Tungoje mwezi mmoja."

Uutazame vizuri uongo huo, mwanangu. Sikuwa nimehakikisha kitu. Niliwadanganya watu wasiokuwa na mahali pengine pa kuuliza, nao wakaniamini kwa kuwa mimi ndiye niliyesomeshwa. Mwezi ulipokwisha, tetesi zikasogeza tarehe, nami nikasogea nazo. Mama Anaeli aliuliza mara moja tu.

"Hii iliyopo dukani haiwezi kuuchora mfereji?"

"Inaweza, mama, lakini polepole."

"Kwani mfereji wetu unakimbia kwenda wapi?"

Wajumbe walicheka. Mimi nilitabasamu kwa dharau, kama mtu anayemvumilia mshamba.

Zilipobaki siku tano nikashikwa na hofu. Niliazima kompyuta chakavu ya ofisi ya usharika, iliyotumika kuchapia matangazo ya ibada, nikachora juu ya hiyo. Kazi ilinichukua siku sita. Siku sita, baada ya kuisubirisha miezi sita! Ramani ilifika mgawo umekwisha kufanyika, na mfereji wetu, uliokuwa na siku nne za maji kwa juma, ukaachiwa mbili. Na ile prosesa? Sijui hata ilitoka lini. Sikuwa tena na uso wa kuiulizia.

Asubuhi ya zamu yetu ya kwanza katika mgawo mpya, nilikwenda shambani na jembe begani. Miche ya kahawa ya mama ilikuwa imeanza kunyauka. Mama Anaeli alikuwa ameketi juu ya jiwe la banio, na mama yangu amesimama kando yake, mikono kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mhandisi. Umekuja na nini?"

"Jembe, mama. Ni zamu yetu."

"Hilo?" Akalitazama kama mtu anayeoneshwa mbuzi mgonjwa mnadani Ngaramtoni. "Mbona limeisha makali? Ngoja kwanza. Nasikia kuna jembe jipya linakuja."

Nilidhani ni utani. Nikainama niondoe vigogo vya mgomba vilivyoziba banio. Akavikanyaga kwa mguu.

"Nimekwambia ngoja. Nimehakikisha."

"Mama, saa yetu inapita!"

"Acha ipite, baba. Hilo jembe wanasema linalima lenyewe."

Nikamgeukia mama yangu anitetee. "Msikilize mwenyekiti," akasema. "Hata mimi nalisubiri kwa hamu." Wakacheka wote wawili. Kisha mama akaacha kucheka, akageuka kuitazama miche yake.

Tulikaa hivyo saa nzima, maji yakipita. Jirani akaja na jembe lililochakaa kuliko langu, akafungua upande wake, akanywesha. Mama Anaeli akainuka, akakung'uta kanga yake.

"Wewe umekosa saa moja," akaniambia. "Sisi umetukosesha siku mbili, kila juma."

Mama yangu alikuwa ameridhia kuipoteza zamu yake ili mimi nifundishwe. Ada zote alizonilipia shuleni hazifikii zamu hiyo moja. Na miche ile, mwanangu, haikupona yote.

Kwa hiyo sikiliza. Sikukatazi kusoma habari za mitambo ijayo. Udadisi ni afya ya akili. Ninachokikataza, na nitakikataza hadi mwisho wangu, ni kumsimamishia mtu kazi yake kwa habari ya kitu ambacho mkono wako haujakigusa. Usilojua, sema hulijui. Mtu akikuuliza anunue nini, muulize kwanza kazi yake ni ipi na inatakiwa lini. Kama kilichopo mezani kinaitosha, mwambie akichukue leo.

Nawe kijana wa Kijenge, kama haya yamekufikia, mtafute mwalimu yule kabla muhula haujaisha, umwombe radhi, umrudishe dukani.

Mungu akulinde na ulimi unaohakikisha usichokijua. Akupe watu wa kukuamini, akupe na hofu ya kuwapotosha. Na saa yako ya maji itakapofika, ikukute umekwisha kuinama, jembe mkononi, lolote ulilo nalo.