Ukurasa Mweupe Kabisa

Ipo siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, na nikiikumbuka bado uso unanichoma. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mchanga, na mimi nilikuwa binti niliyetoka kusoma kompyuta Arusha, kichwa kimejaa majivuno. Chuo kimoja cha uuguzi kilinipa kazi ya kutengeneza ukurasa wa mtandaoni wa kuombea nafasi. Nikaupamba, weee! Rangi, picha zinazotembea, vitufe vinavyong'aa.

Mwalimu wangu alikuwa ametuonya: ukurasa ujaribuni pia kwenye vivinjari vya zamani, maana si kila mtu ana programu mpya ya kufungulia mtandao. Mimi nikaona anatuchelewesha tu. Badala ya kwenda kuujaribu mwenyewe, nikampigia tu simu Mama Rozalia, mwenye duka la intaneti Mbulu mjini.

"Shikamoo mama. Ukurasa wangu umefunguka?"

"Marahaba mwanangu. Umefunguka. Mweupe kabisa!"

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikadhani nimesifiwa usafi wa kazi, nikaenda zangu kusuka nywele.

Wiki mbili baadaye nikapita Mbulu nikielekea nyumbani Tumati. Dukani nikamkuta msichana anaitwa Martina, ametoka Yaeda Chini, kule bondeni, kipande kwa miguu, kipande kwa lori. Hiyo ilikuwa siku yake ya pili mbele ya kompyuta, akingoja ukurasa wangu uonyeshe kitu. Mwisho wa kutuma maombi ulikuwa saa kumi jioni ile ile, na baba yake alishamwambia akikosa mwaka huu atarudi kuchunga.

Nikachungulia. Kioo kilikuwa cheupe tupu, hakuna hata herufi.

"Mama, kivinjari chenu ni cha zamani mno!" nikafoka.

Mama Rozalia hakupandisha sauti. "Sisi tukichimba lambo la kunyweshea mifugo, tunaangalia hata ndama atashukia wapi. Wewe umemwangalia dume peke yake."

"Mbona uliniambia umefunguka?"

"Uliniuliza kama umefunguka. Hukuniuliza ninaona nini. Na mtu akinionyesha kazi yake, nitaanzaje kumwambia haina kitu?"

Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliuliza kijinga. Niliona aibu hadi machozi yakanitoka. Nikaketi kwenye kompyuta ile ile kuukuu, nikaanza kuuvua ukurasa mapambo, moja baada ya jingine, huku namuuliza Martina.

"Sasa unaona nini?"

"Nyeupe, dada."

"Na sasa?"

"Mstari." Kisha akaruka kutoka kitini. "Naona pa kuandika jina!"

Akatuma kabla ya saa kumi, na akachaguliwa. Leo ni muuguzi huko huko bondeni. Akimpa mgonjwa dawa hamuulizi, "Umeelewa?" Anajua watu wetu watasema ndiyo kwa heshima. Humwambia, "Hebu nionyeshe utameza vipi."

Basi mwanangu, kazi yako usiipime kwa chombo chako kipya. Ipeleke kwa mwenye chombo duni kuliko vyote, kaa naye, umuulize anaona nini, na usikasirikie jibu. Heshima ya watu inaweza kukuficha kosa lako. Mungu akubarikie mikono, akupe na subira ya kusikiliza, na kazi yako imfikie hata yule wa mwisho.