Mwalimu Aliyekwenda Riyadh Kusomesha Mifupa

Simu ilinikuta bado nimekaa juu ya msala baada ya swala ya Alfajiri. Alikuwa binti wa rafiki yangu, yule anayeishi Riyadh, ambaye wiki zile alikuwa Jeddah kumwuguza baba yake. "Ami," akaniambia kwa sauti iliyotulia, "Mwalimu katutoka." Nikasema tunayosema waja siku kama hiyo, nikavaa, nikaenda. Tulimswalia mchana na tukamzika kabla jua halijapoa. Baadaye, nyumbani kwake Al-Safa, wanaume walikaa sebuleni wakasoma khitma. Tulipofika penye mapumziko, mtu mmoja mzima na ndevu zake akainamisha kichwa, mabega yakamtetemeka. Jirani yake akamshika mkono kumliwaza, akidhani analia, kumbe anacheka. Akanong'ona neno moja tu, jina la mfupa. Nusu ya sebule ikaambukizwa, na mimi, niliyetarajiwa kuwakumbusha watu adabu za msiba, nikaziba mdomo kwa ncha ya kilemba. Kwa kuwa baadhi ya waliotuona hawakukijua kisa cha mifupa, ambacho Mwalimu mwenyewe alikuwa akitusimulia, naona ni wajibu wangu kueleza.

Marehemu alitoka Unguja akiwa kijana, kama wengi wetu wa rika lile ambao wazazi walihama baada ya mwaka sitini na nne. Mchana aliuza vitambaa katika duka la watu huko Balad, mji mkongwe wa Jeddah. Jioni alisomesha Kurani watoto wetu kwenye sebule yake, juu ya mkeka. Namna yake ilikuwa ile ile tuliyolelewa nayo sisi: watoto wanakaa safu, wanayumba mbele na nyuma, wanasoma kwa pamoja na kwa sauti, wanarudia mpaka maneno yanaingia mwilini na hayatoki tena. Katika waliopita kwenye mkeka ule wamo leo maimamu, wahandisi na mkaguzi mmoja wa mahesabu ambaye mpaka sasa hawezi kujumlisha bila kuyumba. Mwalimu hakuwa mkali. Alikuwa na bakora, lakini aliitumia kuwafukuza paka.

Alikuwa na mjukuu wa kike, mtoto wa mwanawe aliyefariki, aliyemlea tangu hajaota meno ya pili. Binti huyo alikwenda Riyadh kusoma uuguzi, akakaa kwa shangazi yake, yule aliyenipigia simu, mtaa wa Al-Malqa. Mwaka jana, mitihani ya mwisho wa muhula ilipokaribia, alimpigia babu yake simu akilia. Somo la viungo vya mwili lilikuwa limemshinda. Jaribio la katikati ya muhula alianguka, na akianguka tena atatakiwa kurudia mtihani wakati wa likizo ya baridi, yaani wenzake wakienda makwao yeye abaki Riyadh. Mwalimu alikuja kwangu baada ya Alasiri na habari hiyo. Wakati huo moyo wake ulikuwa umeshaanza kumsumbua, na daktari alikwisha kumweleza mambo waziwazi. Hakunieleza mimi alichoelezwa. Alisema tu, "Sheikh, likizo hii namtaka nyumbani. Zinazokuja sizijui."

Kisha akasema, "Twende Riyadh."

"Kufanya nini?"

"Kumsomesha."

"Mwalimu, wewe unajua nini habari za mifupa?"

"Ninayo mwenyewe," akanijibu, "na kila siku inanikumbusha."

Basi tukaenda. Ndani ya ndege alisoma dua ya safari kwa sauti aliyoizoea, ile ya kumfikia mtoto wa safu ya nyuma kabisa, na abiria wengi wakaitikia amina, hata kijana mmoja aliyelazimika kuchomoa vidude vya masikioni kwanza. Riyadh ilikuwa na baridi ambayo sisi watu wa Jeddah huiona kama dharau. Mwalimu akavaa makoti mawili na kofia ya sufi, na kwa kuwa hakutaka kuonekana hana kofia yake ya viua, ile iliyodariziwa, akaivaa juu ya ile ya sufi. Shangazi mtu alipofungua mlango aliitafuta kwanza sura ya baba yake humo ndani.

Mjukuu tulimkuta chumbani, mdomo umefungwa, masikio yamezibwa, anapaka mistari ya kitabu chake kwa kalamu ya rangi. Alikuwa amepaka mengi sana hata haikujulikana lililo muhimu ni lipi. Mwalimu akageuza kurasa kadhaa za kitabu. "Maskini," akasema, "kimepatwa na homa ya manjano." Akatandika mkeka juu ya zulia la shangazi, zulia la bei, akamkalisha mjukuu mbele yake.

"Babu, huu si msahafu."

"Na nani kakwambia msahafu? Msahafu una heshima yake na udhu wake. Hii ni mifupa. Haya, wa kwanza nani?"

Kabla ya kuanza alinigeukia mimi, kwa kuwa nilisoma kidogo mambo ya dini, akaniuliza kama yafaa kuihifadhi mifupa kwa mahadhi ya chuo cha Kurani. Nikamwambia asiyaguse mahadhi ya kisomo cha Kurani, lakini yale ya kufundishia herufi, ya alifu na be na te, hayana mwenyewe. Akafurahi. Na hivyo ndivyo ilivyoanza ile kelele. Mtoto anataja jina kutoka kitabuni, babu analishika kwa sikio, analitia katika mahadhi, wote wawili wanayumba: skafoidi na lunati, trikwetrali, pisifomu. Walianza utosini wakateremka, fuvu, taya, shingo, mbavu, mkono, nyonga, wakamalizia kwenye kidole kidogo cha mguu, halafu wakapanda tena utosini. Mwalimu hakujua maana ya hata jina moja, wala hakuona kasoro. Alisema maana ina adabu, huja baada ya kualikwa.

Shangazi alikuwa na msaidizi wa nyumbani, dada mmoja wa Kikristo kutoka Kenya, mwenye sauti nzuri kuliko sote. Siku ya pili akawa anaitikia kutoka jikoni, siku ya tatu akaongeza makofi. Mwalimu akanyamaza katikati ya mbavu.

"Binti yangu, makofi hayamo."

"Babu, kwetu kanisani bila makofi hakuna kitu inaingia kichwani."

"Huku yanaingia bila makofi."

"Hii ya mguu mbona imekataa tangu asubuhi?"

Mwalimu akanitazama mimi, nami nikatazama dari. Baada ya kutafakari akatoa ruhusa makofi yapigwe huko huko jikoni, polepole, na kwa mifupa ya mguu peke yake. Jioni mguu ukawa umeingia. Yule dada akamlalamikia tajiri wake, "Madam, hii wimbo imenimaliza. Saa ile umeniita nataka kusema naam, naskia tu nimesema hamati." Na kweli alikuwa ameitika hivyo. Hamati ni mfupa wa kiganja.

Lakini ukuta wa nyumba za siku hizi ni mwembamba. Jioni moja mlango uligongwa, nikafungua, nikamkuta jirani, Msaudi mzee mwenye adabu, amebeba birika la kahawa na sahani ya tende, uso umejaa huzuni. Alikuwa amesikia siku kadhaa sauti za watu wanasoma kwa pamoja, akaelewa kwamba nyumba ile imefiwa. Akatupa mkono wa pole mmoja mmoja, akatuombea ujira mkubwa na subira, akamwombea maghufira marehemu wetu. Shangazi alitamani zulia limmeze. Mwalimu akamkaribisha mgeni, akammiminia kahawa yake mwenyewe, kisha kwa Kiarabu chake cha Balad akamweleza kwamba hakuna aliyekufa bado, ila yupo binti mwenye mtihani Jumapili. Mzee wa watu akamtazama mjukuu, akakitazama kitabu na ile picha ya kiunzi cha mifupa, akasema, "Huyu naye anahitaji dua." Akainua mikono akamwombea. Tende alituachia.

Siku ya mtihani tulimsindikiza binti mpaka lango la chuo, baadaye tukarudi kumngojea hapo hapo. Alipotoka alikuwa mweupe kama chokaa. Swali la kwanza lilimtaka ataje mifupa ya kiganja cha mkono. Wasomaji wangu mliokaa mkekani mmeshaelewa. Mtoto wa chuo cha Kurani ukimwuliza aya ya katikati hakujibu. Atarudi mwanzo wa sura, aje nayo mbio mpaka afike hapo. Mwalimu alilijua hilo maisha yake yote, na mimi pia, wala halikutupitia akilini. Ili kukifikia kiganja binti alilazimika kuanza utosini. Swali la pili lilikuwa la goti, akarudi utosini. La tatu la sikio, akashukuru kwamba angalau li karibu. Na haikutosha kuanza mwanzo, ilikuwa lazima ayumbe. Msimamizi, mama mmoja mpole, alimjia kuuliza kama anaumwa. Binti akamweleza kwa kunong'ona kwamba ndivyo alivyosomeshwa na babu yake. Yule mama akafikiri, akamhamishia kiti cha nyuma kabisa, akamwambia, "Yumba utakavyo, lakini midomo ifunge." Akaendelea hivyo, akishuka na kupanda mwili mzima wa binadamu, mpaka karatasi zilipokusanywa naye bado yumo njiani kwenda kwenye nyayo.

Tulipokuwa uwanja wa ndege tunarudi, Mwalimu alinigeukia. Akasema, "Nimemsomesha kama treni, Sheikh. Milango yote nimeiweka kule mbele." Nilitaka kumliwaza, lakini alilosema lilikuwa kweli, nikambebea mkoba. Zile siku za kungojea matokeo zilimpunguza. Alisomesha watoto wake kama kawaida, akaswali, akala alichopewa, lakini kila simu ilipolia aliitazama kwanza kabla ya kuipokea, na mtu wa kuuza huduma ya mtandao aliyempigia siku moja alipokelewa kwa salamu ndefu ya watu wanaoogopa habari.

Habari yenyewe ilimkuta Balad, kwa kinyozi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nangoja zamu yangu, yeye kichwa kimenyolewa upande mmoja. Aliweka simu sikioni, nikaisikia sauti ya mjukuu wake nilipokaa. "Babu, nimepita. Kwa shida, lakini nimepita." Hakumwuliza alama. Alimwuliza, "Basi unakuja lini?" Alipojibiwa, alishuka kwenye kile kiti kirefu, akauliza kibla kiko wapi, akasujudu sijda ya shukrani na shuka la kinyozi shingoni. Kinyozi, Myemeni mwenye subira, akazima mashine yake akasimama kando. Wateja tukatazama nusu ya kichwa cha mwalimu wetu iko sakafuni katikati ya nywele za watu, na sikumbuki kuona sijda iliyonigusa zaidi ya ile, ingawa kicheko kilinifika kooni.

Mjukuu akaja likizo. Nyumbani Al-Safa walikuwa wamejitayarisha kama wanaopokea mahujaji, mikate ya kumimina, pweza wa nazi, shirikisho la mashangazi na majirani wote wanataka kumwona muuguzi wao. Binti akaingia, akabusu mikono, akala kidogo, akaenda kujinyoosha. Hakuonekana tena. Alilala siku ile, akalala na ya pili yake, akiamka kwa swala na chakula kisha anarudi kulala, kama mtu anayelipa deni la muhula mzima. Mwalimu akaweka kiti chake ukumbini, mbele ya mlango wa chumba kile, akawa anawazuia watu kwa kidole. Wageni walipewa kahawa wakaondoshwa. Wanafunzi wa jioni walirudishwa makwao, wakashangilia sana mpaka wakanyamazishwa. Nilipokwenda kumwona nikamkuta hapo kitini, tasbihi mkononi, nikamcheka.

"Mwalimu, umehangaika Riyadh nzima ili uje ukae na mlango uliofungwa?"

Akaniashiria niteremshe sauti. "Sikiliza," akasema. Nikasikiliza. Kutoka ndani ilikuja sauti ya mtu anayekoroma bila wasiwasi wowote duniani. "Mwezi uliopita, kule Riyadh," akasema rafiki yangu, "nilikuwa siisikii hii."

Nimeandika katika safu hii mara nyingi juu ya elimu, nikihimiza wazazi wawasimamie watoto, wawatafutie walimu, wawawekee saa za kusoma. Siondoi neno. Watoto wetu wanasoma katika lugha ambazo sisi hatukuzisoma, katika miji ambayo kila ukirudi unakuta imeota majengo mapya, na msaada tunaoweza kuwapa mara nyingi ni wa namna ya yule rafiki yangu, una nia njema na milango yake yote iko mbele. Mwenyezi Mungu huupokea hata huo, na Yeye ndiye anayekamilisha pale tulipopunguza. Ila najuta kwamba miaka yote hiyo niliandika habari za mitihani tu, kama kwamba mtoto akishafaulu kazi yetu imekwisha. Kwa Mwalimu, kufaulu kulikuwa nauli ya kumrudisha mtu nyumbani. Mola amrehemu, ampanulie kaburi lake, na amlipe kwa kila herufi aliyotutia vifuani.

Mitihani ya mwaka huu imeshafika tena na likizo iko nyuma yake. Mtakaopokea watoto kutoka vyuoni, wapeni chakula, waamsheni kwa swala, na matokeo msiyaulize mlangoni. Kisha waacheni walale, na ninyi mkae karibu.