Sweta Iliyokwenda Wundanyi Bila Mimi

Wifi yangu aliniibia kazi, na nyumba nzima ikamsaidia. Naanza hivyo kwa sababu watu wa kwetu wamechoka kunisikia na wanataka nisahau. Sijasahau, na sioni haraka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mke mgeni Chawia, kijiji cha juu mlimani, nimeolewa kutoka Voi, na sisi wa Voi baridi hatuijui. Huko mlimani nilikuta ukungu unaingia mpaka jikoni, na watoto wachanga wanafungwa leso tatu na bado makamasi hayakauki. Kwa bahati nilijua kufuma. Nilifundishwa nikiwa msichana na jirani yetu mmoja, mke wa mfanyakazi wa reli, kwa sindano za spoki za baiskeli zilizosuguliwa kwenye jiwe. Mama huyo alitumia mkono wa kushoto. Mimi wa kulia nilikaa mbele yake nikamwiga, basi nikawa nadunga kila kitanzi kwa nyuma badala ya mbele, na kitanzi kinajisokota. Miaka yote hiyo nilidhani ndivyo watu wote wanavyofuma.

Nilipopata mimba ya kwanza nilinunua uzi wa sufu mweupe, nikafuma seti nzima: sweta, kofia na soksi. Uzi ukaniishia kwenye mkono wa pili. Nikafumua sweta kuukuu ya mume wangu, ya kijivu, aliyovaa akiwa shule, nikamalizia nayo. Mkono mmoja ukawa na ncha ya kijivu, na mimi nikaona imependeza.

Mtoto alikuwa na wiki moja habari ilipotangazwa kanisani. Ofisi ya maendeleo ya Wundanyi inatafuta mwanamke wa kufundisha akina mama wa Chawia kufuma nguo za watoto, na anayetaka apeleke seti aliyoifuma kwa mkono wake. Jamani, niliitaka kazi ile. Pale mlimani nilikuwa "yule wa Voi", asiyejua kushika jembe kwenye mteremko, anayechekwa akiteleza. Wangeniita mwalimu, nami ningekuwa mtu.

Lakini mama mkwe alikuwa na sheria yake: mzazi hatoki nje ya boma mpaka mwezi uishe. Hapo ndipo wifi akajitokeza. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, ndoa ilikuwa imemshinda na amerudi kwao na sanduku lake.

"Wifi, nipe nikupelekee," akasema. "Nitawaeleza kwamba umejifungua."

Nilimvua mtoto seti yake yote, nikaifua na kuikausha karibu na moto. Nikamfunga leso kama wengine, nikijiambia ni siku mbili tu.

Wifi alirudi jioni mikono mitupu. Alikaa, akanywa chai yake kwanza, kisha akaniambia kwa huruma nyingi, "Wamesema vitanzi vyako vimepinda, wifi. Wameibakiza ile seti wawaonyeshe wanafunzi jinsi ya kutofuma." Na yeye je? Yeye walimkuta amekaa pale, wakamuuliza kama anajua kusoma na kuhesabu, wakamchukua.

Nililia siku tatu. Halafu, kwa ujinga wangu, nikamshukuru aliponiambia nijiunge na darasa lake ninyooshe mkono. Nilikwenda na mtoto mgongoni, nikaketi nyuma. Jioni wifi alikuwa akiniletea sampuli za darasa nizifume, eti nifanye mazoezi. Nilijilazimisha kudunga kwa mbele, polepole, na kila kitanzi kilikuwa kinaniudhi. Ule mkono wangu wa zamani nikauacha kabisa.

Miezi minne ikapita hivyo. Siku moja akaja mama wa ofisini kukagua darasa. Akafungua mfuko wake, akasema amebeba kitu cha kutuonyesha, naye huzunguka nacho madarasa yote ya mlimani. Akatoa sweta nyeupe yenye ncha ya kijivu mkononi.

"Tazameni kitanzi hiki kilivyosokotwa," akasema. "Kifua hakilegei hata mkivute. Mwalimu wenu ndiye aliyefuma, na kwa hii tulimchukua bila kuangalia nyingine. Wiki ijayo nitarudi awaonyeshe mbele yangu."

Wifi alikuwa anatazama sakafu. Nilitaka kusimama niseme, mtoto akaamka akaanza kulia, nikatoka naye nje.

Usiniulize nilifikaje nyumbani. Nilimwambia mume wangu kila kitu, nikingoja akasirike pamoja nami. Akavua kofia akaishika mkononi.

"Nilijua," akasema. "Mama alishaamua. Dada hana mume, hana shamba. Wewe una mimi."

Mtu niliyefumua sweta yake kumvika mwanawe. Ningeweza kumsamehe wifi, mwanamke mwenye shida. Lakini huyu alinitazama nikilia siku tatu, akanishika bega, akaniambia pengine nitajaribu mwaka mwingine.

Wiki ile wote walikuwa wapole kwangu. Mama mkwe alinipikia kimanga cha mihogo na maharagwe kwa mkono wake. Wifi alikuja na sindano, akaketi miguuni pangu, akasema, "Nionyeshe mara moja tu." Nikaendelea kuchambua mboga. Hakuna aliyeniomba radhi. Walichotaka ni kitanzi tu.

Siku ilipofika, mama wa ofisini alimpa wifi uzi mbele ya darasa. Wifi akafuma mstari, ukatoka umenyooka, mzuri tu, lakini si ule. Akajaribu tena. Kisha akanigeukia akitabasamu.

"Wifi, hebu wasaidie, leo macho yananisumbua."

Nilikwenda mbele. Nilidhani mkono umesahau, kumbe haukusahau. Nikafuma mistari sita, kitanzi baada ya kitanzi kikisokotwa, nikaiweka kando ya sweta. Mama wa ofisini akailinganisha, akaitazama ile ncha ya kijivu, akanitazama mimi.

"Kwa hivyo seti hii ni yako?"

"Ni yangu," nikasema. "Na sikujua kwamba ilikubaliwa."

Akamgeukia wifi. Nikajua sasa imekwisha, sasa atasema ukweli, hana tena pa kukimbilia.

"Tulikubaliana nyumbani," akasema wifi.

Nikasema si kweli, mimi sikukubaliana na mtu. Lakini mama wa ofisini alishaanza kukunja sweta. Alisema anasikitika kwamba nyumba nzima imeweza kuidanganya serikali, na mimi mwenyewe nimekaa humo darasani miezi minne bila kufungua mdomo. Darasa lingepelekwa kijiji kingine.

Akina mama walitoka mmoja mmoja bila kuniaga. Na wifi, ukimsikiliza vizuri, hakusema uongo. Walikubaliana kweli, watatu, kando ya moto, mimi nikiwa chumba cha pili namnyonyesha mtoto.