Tafsiri Niliyoipunguza

Habari za msiba zilinifikia Ijumaa nikitoka kuswali: amefariki mwanamke mmoja huko kijijini Kibuyuni, na maziko ni baada ya Alasiri. Nilifika kaburi likiwa limeshafukiwa. Wasomaji wangu hamkumjua. Alikuwa mshonaji nguo, mcheshi, ila mkali kwa mteja asiyesimama wima akipimwa. Mimi nilimjua kwa jambo moja nililomtendea miaka ile ya mwanzo ya uhuru, ambalo sijapata kuliandika.

Nilikuwa karani kijana katika hospitali moja ya huku kusini, na kwa Kiingereza changu kidogo nikimfasiria daktari, Mzungu aliyebakiza wiki tatu arudi kwao. Nani angeshika nafasi yake hatukujua. Mwanamke huyu alikuja na mimba ya pili, imeshakaribia, pamoja na mumewe na mavyaa yake, mama wa huyo mume. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, baada ya uchungu wa siku mbili. Mavyaa alikwisha amua kwamba huyu angezaliwa nyumbani. Alinieleza kwa upole kwamba mwanamke akizoea kisu hazai wengi, na mwanawe ataka watoto wengi. Mume alitazama viatu vyake.

Daktari alisema mengi. Kovu la kwanza laweza kuhimili uchungu, na wako wanaojifungua salama. Lakini likiachia, mama na mtoto huweza kufa upesi, kwa hiyo asithubutu kuzalia nyumbani. Kupasuliwa kwa siku iliyopangwa nako kuna hatari zake, za damu na za kidonda, na mimba zitakazofuata zitahitaji uangalifu zaidi. Yeye akiwapo, njia zote mbili zawezekana hapo hospitalini. Akishaondoka, mpasuaji wa karibu yuko ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Achague mwenyewe.

Nilimtazama. Amekaa baina ya watu wawili waliokwisha kumchagulia, ameshika ncha ya leso. Nikasema, "Daktari asema lazima apasuliwe wiki ijayo. Hakuna njia nyingine."

Mavyaa aliniuliza kama ndivyo hasa alivyosema. Nikajibu ndivyo. Mume akatia kidole gumba kwenye karatasi. Mtoto alizaliwa mzima, mama akapona polepole. Hakushika mimba tena, na mwaka wa nne mume akaoa mke mwingine. Kila nilipopita mbele ya cherehani yake nilihisi harusi ile niliipanga mimi.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kumwungamia. Alikuwa akipinda kanzu, hakuinua macho.

"Najua," alisema. "Kabla sijaolewa nilikuwa yaya kwa Wazungu, Diani. Nilimsikia daktari neno kwa neno."

Nilimuuliza mbona alinyamaza.

"Ungelisema kweli, wangelinirudisha nyumbani nikazalie huko. Uliposema hakuna njia, nikapata pa kutokea."

Nilishusha pumzi, nikidhani nimesamehewa. Akakata uzi kwa meno, kisha akasema taratibu, "Lakini mimi nilitaka kujaribu uchungu, kaka yangu. Hapo hapo hospitalini, daktari akiwapo. Hilo hukuniuliza."

Siku hizi nasikia watu wakibishana lipi bora, kisu au njia ya kawaida, kana kwamba jibu ni moja kwa kila tumbo. Hilo niwaachie wataalamu na wazazi wenyewe. Ninalolijua ni kwamba tulikuwa tumejitawala, bendera mpya ikipepea uani pa hospitali, na ndani chumbani mwanamke mmoja alishindwa kusema neno juu ya mwili wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema wazee, na mzazi yuko mbele yetu tukizungumza juu ya kichwa chake. Sote tulimtakia mema, kila mtu kwa namna yake. Mmoja wetu, tena mgeni, alimuuliza; nami niliyezaliwa naye pwani moja nikalizuia swali lisimfikie. Kwa hiyo wewe uliyekabidhiwa maneno ya mtu, uwe karani, muuguzi au mume, yafikishe yote. Kisha nyamaza, umngoje ajibu.