Mchi Uliobaki Kakoba

Mama zangu wa kanisa hapa kambini Nakivale, mumeniuliza mara mingi kwa nini nilienda Mbarara na mchi nikarudi mikono mitupu. Nimechoka kuwajibu "ulivunjika." Haukuvunjika. Nitaeleza safari yote, fasi kwa fasi, na anayetaka kucheka angoje nimalize.

Nilienda kwa sababu binti yangu Furaha alijifungua. Yeye na bwana wake wanakaa Kakoba, karibu na jengo la ghorofa ambako bwana wake alikuwa mkubwa wa maseremala. Furaha ndiye aliyepikia wafanyakazi wa jengo hilo. Kama angelala na mtoto, mwanamke mwingine angelichukua jiko lake. Akatuma neno: "Mama, kuya unishikie sufuria wiki moya."

Mkwe wangu sitamtaja jina. Munajua kwetu mama mkwe hataji jina la mkwe, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake. Tangu amuoe Furaha tulisalimiana kwa mbali, kila mtu akiangalia chini. Kazi yake sikuwahi kuuliza. Nilijua anapiga misumari, basi.

Asubuhi ya kuondoka, pikipiki ilinifikisha Rwekubo, penye gari za Mbarara, umande ukiwa bado kwenye majani. Nilibeba sombe, majani ya muhogo, na mchi wangu wa kuitwangia, ule wa muti mugumu, maana mzazi hawezi kulishwa sombe iliyotwangwa ovyo. Mwanaume wa kupakia mizigo aliutazama mchi akaita wenzake, akaniita bibi kwa lugha yao.

"Kaaka, hii mzinga unapeleka vita gani?"

"Ya kupiga wanaume wenye mudomo murefu," nikamwambia. "Funga juu, na usiukwaruze."

Njiani niliona ng'ombe wenye pembe ndefu, mashamba ya ndizi, na vilima vingine vitupu bila hata kichaka. Nikafikiri kuni. Ninyi munajua shida yetu: mzigo mmoja wa kuni unakula nusu ya siku. Macho yangu yamezoea hivyo. Yakiona kipande cha muti chini, mkono unainama wenyewe. Hapo ndipo aibu yangu ilipoanzia.

Kakoba nilifika jua likiwa kichwani. Jengo lilikuwa nyuma tu ya chumba cha Furaha. Katikati yake ulisimama ukuta wa beto, yaani zege, wa pande nne, mrefu, ndimo ngazi zitakapopita, na huko juu kabisa ulikuwa umevikwa kasha kubwa la mbao. Wanaume walitembea pembeni mwa kasha kama kuku juu ya paa.

"Ile ni kofraji," Furaha akanieleza, mtoto akiwa kifuani. "Banamimina beto mule ndani. Ikikauka, banalegeza kasha, banalivuta juu, banalifunga kwenye ule ukuta mupya, banamimina tena. Nyumba inapanda, na kasha inapanda."

"Na bwana yako?"

"Anapanda nalo, Mama. Ni yeye anasema sasa livutwe ao lingoje."

"Nyumba inajengwa toka chini," nikasema, nikaingia jikoni.

Siku ya pili nilikuta gunia la makaa limebaki vumbi. Nikamgombeza Furaha, mzazi wa juzi, mpaka mtoto akaanza kulia. "Munanunua makaa, na jengo lote limejaa muti! Mumesahau mulitoka fasi gani?" Nikatoka na kitenge changu. Karibu na mchanga, juani, nikaona rundo la vipande vya muti, vifupi, upande mmoja vinene, upande mwingine vyembamba, vimepakwa mafuta meusi. Sikuuliza mtu. Nilivibeba vyote. Viliwaka vizuri sana, na nilijisifu moyoni.

Wafanyakazi walikuja kula. Mmoja akanusa sahani.

"Mama, leo umetupikia gari?"

"Kula! Kwenu munakula nini?"

Wakacheka. Halafu kutoka juu ikasikika sauti: kabari ziko wapi? Kabari ndivyo vile vipande. Vinapigwa kwa nyundo ili kasha libane, na vikitolewa vinashushwa chini, vinapakwa mafuta ili beto isivishike, ndipo vinarudishwa juu. Bila hivyo kasha linaachia mdomo, na beto yote inamwagika. Kasha lilikuwa limekwisha kuvutwa. Mchanga, kokoto na simenti vilikuwa tayari.

Injinia, Munyankole wa Bwizibwera, alikuja amekunja uso. "Nani alichukua kabari?"

Mkwe wangu alishuka. Akatazama jiko langu. Kabari moja ilikuwa imetoa kichwa majivuni, bado inatoa moshi. Akaiona. Mimi nilisimama na mwiko. Yeye akageuza uso upande wa injinia.

"Ni mimi. Niliona zimezeeka, nikasema zichomwe."

"Wewe? Mukubwa ya kofraji unachoma kofraji? Sawa. Juu usipande tena. Kesho utabeba mchanga."

Watu wote wakarudishwa nyumbani. Walipita mbele ya sufuria yangu bila utani. Mimi nilikuwa na mdomo uliogombeza mzazi asubuhi, na mdomo huo haukufunguka.

Jioni nilimwambia Furaha. Akasema, "Najua. Alikuficha juu ya heshima. Ukienda kusema, utamuvua nguo mbele ya batu."

"Amekwisha kuvuliwa," nikamwambia. "Mimi ndiye nimevaa nguo zake."

Asubuhi nilichukua mchi, nikaenda mpaka mbele ya injinia, wanaume wote wakisikia.

"Kabari nilichoma mimi. Nilizani ni kuni. Huyu amedanganya kwa kunionea haya. Muti mugumu ni huu, muukate mutoe kabari zingine."

Injinia akautazama mchi, akanitazama mimi. "Kaaka, huyu ni mukwe?"

"Ni mukwe."

Akashika kiuno. "Hata kwetu mukwe anaficha uso. Lakini kofraji haijui haya. Muukate. Kasha likibana leo, atabaki juu. Lisipobana, mchanga uko pale."

Mkwe wangu aliukata mchi kwa msumeno, akaupasua. Mimi nikaketi chini nikichonga kwa panga, kama ninavyochonga mipini ya majembe. Tulipeana migongo. Furaha akasimama katikati na mtoto.

"Mwambie mama, upande mwembamba aupunguze."

"Mwambie bwana yako, nimesikia."

"Mwambie mama, asijikate."

Hapo panga likasimama. Machozi yalianguka juu ya kabari, na nilishukuru kwamba desturi yetu inamkataza kunitazama.

Mchana zilipandishwa kwa kamba, pamoja na nyingine walizochonga wenzake. Nikasikia nyundo juu, ko, ko, ko. Mkono wa mkwe wangu ukapungwa, beto ikaanza kupanda kwa ndoo. Kasha lilibana. Mkwe wangu alibaki juu.

Nilipomaliza wiki nilirudi. Rwekubo, yule mwanaume wa mizigo alinitambua: "Kaaka, mzinga iko wapi?" Nikapanda pikipiki.

Sasa natwanga kwa mchi wa jirani, na ninaomba kila mara. Nimejifunza kuuliza kabla ya kuinama, lakini hilo ni dogo. Miaka yote nilimwita mtu wa misumari, na siku moja ilitosha anifunike kwa jina lake. Furaha anasema kabari za mchi wangu bado zinafanya kazi: kasha likilegezwa zinashuka kupakwa mafuta, likivutwa zinapanda tena, na bwana wake ndiye anayezipiga. Kila akizipiga anajua zilitoka wapi.

Mukitaka kucheka, chekeni. Mimi bado.