Mimi Nilikuwa Mkono wa Kushoto

Katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi nilikuwa mtaa wa Oud Metha, katika nchi za Waarabu, nikimtunza mzee wa Kimarekani aliyeishi na bintiye. Kiharusi kilikuwa kimeuzima mkono wake wa kushoto. Nilimwogesha, nikampikia, nikamnyoosha vidole vile nilivyoonyeshwa kliniki.

Asubuhi moja, madam, yaani yule bintiye, akiwa kazini, mzee aliniomba nimteremshie kasha lililokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na mandolini, ala ya nyuzi kama gitaa dogo. Kwetu Mombasa niliwahi kuiona ikipigwa harusini, lakini kuishika, sikuwa nimewahi.

"Sir, utapigaje kwa mkono mmoja?"

"Wewe utakuwa mkono wa kushoto," akasema. Ulimi wake ulikuwa mzito bado.

Nikakaa ubavuni mwake. Yeye akashika kipande cha plastiki cha kupigia. Mimi nikabana nyuzi pale aliponielekeza. Zilikuwa nane, zimepangwa mbilimbili, na zinakata kama wembe. Wiki ya kwanza tulitoa sauti ya bati linalokwaruzwa. Hakuchoka. Alikuwa akinifundisha blugrasi, muziki wa milimani kwao, hasa kile kipande ambacho wenzako wanakuachia uwanja upige peke yako. Chake kilikuwa na majonzi ya bluzi, zile nyimbo za huzuni za Wamarekani weusi.

"Hiyo nota usiirukie," aliniambia. "Anzia chini yake kidogo, halafu teleza. Kama mtu anayejizuia kulia."

Niliteleza, nikapitiliza. Akacheka, tukarudia. Vidole vikaota sugu, hata nikikanda unga wa chapati siuhisi.

Kisha siku moja, baada ya chakula cha mchana, mkono wake ulianza kukimbia na wangu ukaufuata. Sikungoja anielekeze. Nilipofika kwenye ile nota nikateleza, ikalia, na nywele zikanisimama. "Subhanallah!" Nilikuwa nimeisema kwa sauti. Mpaka leo sijui vidole vyangu vilijuaje mkono wa mtu mwingine unaelekea wapi.

Madam alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani. Hatukumsikia akiingia.

"Baba," alisema.

Mzee hakugeuka. "Khalas, tayari umeipata," akaniambia. "Sasa tena. Haraka zaidi."

Tukapiga tena. Madam akaketi sakafuni palepale mlangoni, na viatu vyake, akasikiliza.